Diski Niliyobaki Nayo

Chepkirui,

Naandika ukiwa umeenda kumuaga kogo, bibi yako. Mvua yetu ya mchana imeanza kupiga mabati, kwa hivyo najua wewe na mama yako hamtarudi kabla ya saa kumi na moja, na nimepata meza peke yangu. Mama yako ameshakwambia habari ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kufuli la sanduku, na kanisa la kwenda huko Eldoret. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu mwaka jana, na kesho asubuhi ukiondoka nalo likiwa bado kifuani mwangu nitakuwa nimekukosea kwa mara ya tatu.

Natumia Kiswahili kwa sababu Kipsigis chetu sikufundishwa kukiandika kirefu, na Kiingereza nilichotumia pale kiwanda cha chai kilikuwa cha magunia, mikanda ya mashine na lita za dizeli. Nikikosea usicheke sana. Cheka kidogo tu, kwa sababu kuna mahali utakasirika na nataka uwe umecheka kwanza.

Jambo lenyewe ni ile kompyuta. Tangu mwaka jana hatuitaji hapa nyumbani, tunaizunguka kama mbwa mkali aliyelala mlangoni. Wewe unaamini kwamba Henrik, yule mnunuzi wa ng'ambo, alipokea mzigo kamili halafu akasema umepungua ili arudishiwe pesa. Unaamini hivyo kwa sababu ni mimi niliyekwambia. Ndiyo maana unaona uliandikwa bure kwenye ule ubao wa matangazo wa intaneti kwamba wewe ni mkora, na sasa unaenda kusomea kazi ya hizo hizo kompyuta huku jina lako likiwa limekutangulia. Henrik hakudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Nimelisema mapema ili usisome barua nzima ukiliwinda. Sasa nipe nafasi nieleze, maana mimi mwenyewe hata leo sioni vizuri ni wapi hasa nilipopotea njia.

Hata siku niliyoinunua nilikuwa nimechanganyikiwa. Kiwanda kilikuwa kimeleta kompyuta mpya, na zile za zamani zikapangwa kwenye veranda ya ofisi ili wafanyakazi wanunue. Msaidizi wa meneja akataja bei ya kuanzia, nami nikanyoosha mkono. Akauliza nani anaongeza. Kimya. Sasa mimi nilikulia karibu na soko la ng'ombe la Mulot, na kule kimya maana yake kuna mtu nyuma yako anakupigia hesabu. Nikaogopa kunyang'anywa. Nikaongeza. Akauliza tena nani anaongeza, kimya, nikaongeza tena. Watu wakaanza kushikana mabega kwa kicheko. Nilijipandishia bei mwenyewe mara mbili kabla yule msaidizi hajanihurumia na kuniambia kwamba imekwisha, ni yangu, hakuna mwingine anayeitaka. Nilipoifikisha nyumbani mama yako hakuuliza ni ya nini. Aliuliza tu kama itamaliza umeme.

Kumbe nilikuwa nimekununulia wewe. Ulikuwa darasa la sita. Ilikuwa na mshikio juu kama wa cherehani, kioo kidogo cha maandishi ya kijani, na haikuamka bila ile diski nyeusi, pana kama kiganja, laini, inayopinda. Ulikuwa ukiitoa kwenye bahasha yake kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa nikikutazama kutoka mlangoni nikijifanya natafuta stesheni ya redio. Sikuelewa unafanya nini, ila niliona umetulia kuliko unavyotulia kanisani, na nikajiambia kwamba ile bei ya kujipandishia haikuwa hasara.

Nilipostaafu tukarudi hapa shambani, pasipo na umeme, na mashine ikakaa miaka kadhaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mama yako. Ulipomaliza Kidato cha Nne ndipo ukaipeleka mjini Kericho, penye umeme, kwa Ouma, mwenye duka la simu na fotokopi, yule ambaye marehemu baba yake alikuja kutoka kando ya ziwa tukafanya kazi pamoja kiwandani. Ouma alikupa kazi ya kuchapa. Intaneti ilipofika dukani mwake, wewe ndiye uliyegundua kwamba kuna watu huko nje wanaotafuta mashine kuukuu kama yetu, na kwamba wana ubao wao wa kutangaza na kuulizana bei. Ulikuja nyumbani Jumamosi ukaniambia kwamba ile mashine sasa ina thamani kuliko siku niliyoinunua. Nikafikiri Ouma amekunywesha kitu.

Hilo bado linanisumbua. Ng'ombe akizeeka bei inashuka. Gari likizeeka bei inashuka. Mimi mwenyewe nimezeeka na hakuna kiwanda kinachoniulizia. Ulinieleza kwamba kitu kikishatupwa na wengi, vichache vinavyobaki vinatafutwa, nami nikaitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa naitikia tu.

Basi ukanisomea tangazo lako. Ulikuwa umeandika kwamba herufi moja ya kibodi inakwama, kwamba ubavuni kuna mkwaruzo, kwamba mgongoni ina namba ya kiwanda iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na kwamba ukiifungua ndani unakuta vumbi la chai. Nikakuuliza kama unauza au unatubu. Nani anaanza kuuza ng'ombe kwa kutaja chuchu iliyoziba? Mimi nilikuwa na mpango wa kuipiga ile rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa choo. Ukanikataza, ukasema nikiipaka rangi nimeiua. Halafu mwishoni mwa tangazo ukaweka bei. Wewe mwenyewe, bila kuulizwa, ukaitaja bei mbele ya dunia nzima. Nilikosa hamu ya chakula kwa sababu ya ile bei.

Kule Mulot mwenye mali hataji bei kwanza. Anasema ng'ombe hauzwi, amemleta tu apunge upepo. Mnunuzi naye anasema alikuwa anapita. Mnaulizana habari za mvua, za watoto, za ngano ya upande wa Narok. Mtu akitaja bei, wewe unaondoka, pole pole, ili aweze kukuita. Ujanja wote uko kwenye ule mwendo. Ukienda mbio umeharibu, ukisimama umeharibu. Baba yangu alinifundisha mwendo huo kabla hajanifundisha kukama, na hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo ulipokuja na ubao wako.

Henrik aliandika siku ya tatu. Hakuulizia mvua. Alitaja bei pungufu kidogo kuliko yako, akasema gharama ya kusafirisha ni juu yake. Wewe ulitaka kukubali saa ile ile. Nikakataa. Nikakwambia bei ya kwanza ni salamu tu, na mtu hauzi kwa salamu. Nikakulazimisha udai karibu mara mbili, juu ya ile uliyokuwa umeitangaza mwenyewe. Ulinieleza kwamba haiwezekani, bei imeshaonwa na watu wote. Nikasema, andika. Ukaandika, na niliona jinsi ulivyoona aibu, nikanyamaza. Henrik naye akanyamaza. Nikafurahi. Nikakwambia sasa tunaondoka pole pole, atatuita.

Wiki mbili nzima nilikuwa naondoka pole pole. Hakuita. Badala yake akaandika kwamba mtu mwingine ametangaza mashine kama ile, kwa hivyo sasa anaweza kutoa chini ya alichosema mwanzo. Nilikuuliza mara tatu kama umesoma sawasawa. Mwenye mali akikataa bei, bei inapanda, hivyo ndivyo nilivyoijua dunia tangu nizaliwe, na hapa mtu anashuka kwa sababu ya mashine ambayo hajaiona, iliyo kwa mtu asiyemjua. Wewe ndiye uliyetuokoa. Ulimwandikia bila kuniambia, ukamwomba radhi kwa ile bei ya pili, ukarudi kwenye ile yake ya kwanza, naye akakubali siku hiyo hiyo. Halafu akatuma pesa yote kabla mashine haijatoka Kericho. Hapo kichwa kilinizunguka kabisa. Nikakuuliza ni mjinga wa namna gani anayelipia kitu ambacho hajakishika.

Ukaniambia, "Baba, kule mtu hana uso. Ana jina tu. Nikimdanganya huyu mmoja, wote wamejua."

Niliyasikia hayo maneno. Nataka ujue kwamba niliyasikia, kwa sababu baadaye nilifanya kama sikuyasikia.

Wiki ile shangazi yako wa Sigowet akajifungua, ukaenda kumsaidia mwezi mzima. Uliirudisha mashine nyumbani, ukaniachia kazi ya kuifunga na kuituma. Niliifunga vizuri, hilo hata Henrik alikubali. Nilipata sanduku la mbao la chai, yale ya zamani yenye karatasi ya kung'aa ndani, nikaizungushia blanketi, nikajaza maranda ya seremala kila upande. Kisha nikafika kwenye ule waya wake wa umeme na ile diski ndani ya bahasha yake, na mikono ikasimama.

Wewe umekulia nyumba za kiwanda, labda hujawahi kuona vizuri. Mtu akiuza ng'ombe, anamfungua kamba shingoni, anamkabidhi mnunuzi ng'ombe, na kamba anarudi nayo nyumbani. Kamba haiuzwi. Ukiiacha iende, umewafungulia njia na wale waliobaki zizini. Mwaka niliomwoa mama yako niliuza mtamba pale Mulot, na kwa furaha nikasahau kamba. Baba yangu hakunigombeza. Aliangalia mikono yangu tu, akauliza iko wapi. Nilitembea hadi kwa yule mnunuzi, mbali, upande wa kwenda Narok, nikamwomba kamba, naye akanipa bila neno, akashangaa tu kwamba nimechelewa kuifuata. Sikusahau tena. Unazijua zile kamba zilizoning'inia stoo, zile ambazo mama yako husema zinaleta panya. Kila moja ninaweza kukutajia jina la ng'ombe wake.

Najua mashine si ng'ombe. Lakini ilikuwa kitu kikubwa cha kwanza kuuzwa nyumbani mwetu tangu nistaafu, na mtoto aliyeitumia alikuwa ameanza kuomba nafasi vyuoni, na mimi nilikuwa naogopa. Naandika hivyo hivyo, nilikuwa naogopa. Niliona nikiachia kila kitu, waya na diski na vyote, nitakuwa nimefungua mlango na wewe utatoka usirudi tena. Nikaviweka kwenye sanduku langu la bati chini ya kitanda. Nikapigilia misumari lile sanduku la chai, nikalipeleka posta. Njiani kurudi nilijiona mtu mwangalifu.

Mashine ilipofika, Henrik aliandika kwa adabu akauliza kama diski ilisahaulika. Imeili zilikuwa zinakuja kwa anwani yako, lakini wewe ulikuwa Sigowet, kwa hivyo Ouma akaichapa kwenye karatasi, akanipa nilipopita mjini. Sikujua kwamba diski ndiyo hasa aliyokuwa anaitafuta. Ouma alinieleza baadaye, kwamba mashine za namna ile bado zinapatikana, ila diski ya kuziamsha, ile ya tangu mwanzo, imepotea karibu kote. Yaani nilimtumia zizi nikabaki na ng'ombe.

Wakati ule sikujua hayo. Niliisoma barua yake kwa macho ya Mulot. Kule wako wanunuzi wa kukurudia kesho yake wakisema ng'ombe anakohoa, ili uwarudishie kidogo. Nikasema huyu ni mmoja wao. Nikamwambia Ouma ajibu kwa anwani yako, chini aweke jina lako, kwamba tuliuza mashine, na mashine ameipata, na kamba haiuzwi. Ouma akakuna kichwa akaniuliza ni kamba gani. Nikamwambia aandike tu. Henrik naye akauliza ni kamba gani. Sikumjibu. Akaandika tena, na tena, nikamwambia Ouma aache kunichapia. Nilidhani nikikaa kimya atachoka.

Hakuchoka. Aliweka onyo kwenye ubao, na jina lako lote, la kwanza na la mwisho.

Ulirudi kutoka Sigowet Jumapili. Jumatatu ukaenda kazini, jioni ukarudi na uso ambao sikuwahi kuuona. Hukuvua hata viatu. Uliniuliza mbele ya mama yako.

"Baba, niambie tu. Diski uliiweka?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa neno moja. Nikasema niliiweka, na kwamba huyo mzungu ni mwongo, anataka kurudishiwa pesa. Ukapumua. Ulifurahi, Chepkirui. Ulifurahi kwamba aliyekosa ni mgeni na si baba yako. Ile pumzi nimeisikia kila siku tangu wakati ule, hata nikiwa shambani nachuma majani ya chai.

Najua unaniuliza kwa nini. Nimejiuliza hadi nimechoka. Kamba ningeweza kuieleza, labda ungecheka, labda tungeituma ile diski wiki hiyo hiyo na mambo yakaisha. Lakini uliuliza mbele ya mama yako, na ulikuwa unajua vitu nisivyovijua mimi, na nilijiona mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikasema lililonijia.

Halikuwa la kwanza. Wakati mmoja kiwandani meneja aliniita akaniambia anataka niwe mkuu wa stoo, na nyumba kubwa juu yake. Nilitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Unajua nilifanya nini? Nilisema nitafikiria. Nikaondoka pole pole kuelekea mlangoni, nikingoja aniite aongeze kitu. Jioni hiyo hiyo akampa mtu mwingine. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako kwamba nimeonewa kwa sababu ya ukabila, na hadi jana aliamini hivyo. Huyo mtu aliyepewa alikuwa Mkipsigis kama mimi. Sijui kwa nini mama yako hakuwahi kuliona hilo, au labda aliliona akanihurumia.

Ndivyo nilivyo. Kunyamaza kumenipatia mitamba wazuri, na ninaponyamaza huwa najiona mwerevu. Sijui ni lini hasa kunyamaza kunageuka kuwa kujificha. Wewe nimekuona unavyofanya, unaanza na kibodi inayokwama na mkwaruzo wa ubavuni, halafu unataja bei, na mtu akikuuliza unamjibu siku hiyo hiyo. Nilikuona mshamba wa biashara. Sasa sijui mshamba ni nani kati yetu, ingawa nadhani ninajua.

Mwezi uliopita, siku ambayo hukwenda kazini, ulinituma kwa Ouma nikatoe fotokopi za barua yako ya chuo. Akazitoa. Halafu akaniuliza kama nimewahi kusoma ulichowaandikia watu wa ubao baada ya lile onyo. Nikasema hapana. Akaniwekea karatasi mbele yangu, kisha akajifanya anashughulikia printa.

Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Uliandika kwamba baba yako alikuwa karani wa stoo miaka ishirini na miwili na hata nati moja haikupotea mikononi mwake. Uliandika kwamba wakitaka kumwita mtu mkora wakuite wewe, lakini baba yako hawezi kufanya kitu kama hicho, na kwamba mwongo ni Henrik. Chini ya maneno yako watu walikujibu vibaya. Baadaye hawakukujibu kabisa, hata ulipowatangazia zile kompyuta mbili kuukuu za shule ambayo ulikuwa umeahidi kuisaidia kuuza. Tangazo limekaa pale peke yake kama mtoto ambaye hakuna anayecheza naye. Na wewe hukuniambia lolote. Mwisho wa mwezi uliniletea sukari na nyembe mpya kama kawaida.

Nilikaa kwenye benchi la Ouma mpaka watu wawili wakadhani nangoja simu. Kisha nikamwambia aandike hapo hapo, kwa jina lako, kwamba kosa ni la mzee. Akakataa.

"Mzee, mara ya kwanza nilikosea kukuruhusu. Sirudii."

Ana haki. Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku la bati, nikatoa diski na waya, na kesho yake nikavipeleka posta pamoja na barua ya mkono wangu na jina langu. Niliandika habari ya kamba na nikaandika habari ya uongo. Ya kamba ilinichukua ukurasa mzima na sidhani aliielewa. Ya uongo ilikuwa mistari mitatu.

Jibu limekuja Jumanne, kwa Ouma, na safari hii limeandikwa kwangu. Henrik anasema mashine imeamka. Anasema ndani ya diski alikuta barua uliyochapa ukiwa mtoto, ya kuomba kazi kwa meneja wa kiwanda, unataka kuwa karani wa stoo kwa sababu umefundishwa na baba yako. Sikuwahi kujua kama iko. Ouma alinisomea sehemu hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia sijasikia.

Henrik ameshaandika kwenye ubao kwamba diski imefika. Lakini anasema lililoandikwa pale halifutiki, na wenzake hawajaridhika, kwa sababu ulimwita mwongo mbele yao wote. Barua yangu haitoshi. Mimi hawanijui, hata wengine wanasema huenda hakuna baba, ni wewe umemtunga. Wanataka neno lako, kwa anwani yako. Ukilisema, yeye ataandika chini yake kwamba anakuamini. Amesema hana kinyongo. Sijui mtu anafikaje mahali pa kutokuwa na kinyongo na mtu kama mimi, lakini ndivyo alivyoandika.

Jana nilimweleza mama yako yote, hata ile ya mkuu wa stoo. Alichambua mboga zote mpaka zikaisha. Halafu akasema, "Huyo mtoto hawezi kumwandika baba yake vibaya. Ataacha jina lake lichafuke."

Nami nakujua, ndivyo utakavyotaka kufanya. Utasema ni ubao tu, watu wa mbali, wasahau wasisahau shauri yao. Lakini nimekuona unavyoipita ile meza ya kompyuta pale kwa Ouma siku hizi, unaipita kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa. Unaenda kusoma kazi hiyo miaka miwili. Utakutana na hao watu, au wenzao, au watu waliosoma walichoandika. Kwa kazi yako jina ndilo litakalofika kabla yako kila mahali, ulinieleza mwenyewe.

Kwa hivyo nakuomba uandike. Ukifika Eldoret, ukipata mahali penye intaneti, uandike kwa Kiingereza chako safi, bila kunipunguzia. Usiseme kulikuwa na kutoelewana. Usiseme ni mila, maana mila ilisema nirudi na kamba, haikusema nikudanganye. Usiseme mzee alisahau. Sema baba yangu alibaki na diski, nikamuuliza, akanidanganya, nami nikamwita Henrik mwongo kwa sababu nilimwamini baba yangu. Weka jina langu lote, Zakayo arap Mitei, mstaafu, wa huku Kericho. Halafu weka lako.

Sijui kama itafaa. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote. Bei ya ng'ombe naijua nikimtazama miguu, lakini jina la mtu pale kwenye ubao linashuka kwa siku moja, na likishashuka sijui linapandishwa na nini, wala kwa muda gani. Labda watakujibu wiki hiyo. Labda watakukalia kimya mwaka mzima. Nimemuuliza Ouma, naye hajui. Kama nikiweza kufanya kitu kingine niambie, nami nitafanya siku hiyo hiyo.

Mvua imepungua na nawasikia mkija, mama yako anacheka kitu. Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako ili uisome ukiwa mbali, ukishafika. Sitaificha. Nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula, nami nitakaa pale pale mezani mbele yako mpaka uimalize.

Baba yako,
Zakayo arap Mitei